Kifungo Kilichopotea Ngazini

Saa kumi na moja jioni Fundi Pindo alikuwa amekaa kwenye kidato cha ishirini na nne cha ngazi ya jengo lao, pale inapopinda kwa mara ya pili, akitafuta kifungo. Ndivyo alivyomwambia mstaafu wa posta wa ghorofa ya pili aliyekuwa anapanda na ndoo ya maji. Mstaafu huyo ni mtu mwenye huruma nyingi na shughuli chache. Akatua ndoo, akainama, akaanza kupapasa sakafuni.

"Cha rangi gani, fundi?"

"Cha kijani."

"Kikubwa?"

"Cha wastani tu. Wewe nenda bwana, usijisumbue, nitakipata."

"Nitakuachaje mtu mzima peke yako unahangaika?"

Kifungo hakikuwapo, wala hakikuwahi kuwapo. Fundi alikuwa amefunga duka lake la cherehani pale chini, akapanda nusu ya vidato arobaini na nane vya kufika kwake ghorofa ya tatu, pumzi zikamwishia, akakaa kidogo apumue. Alipotaka kuinuka, miguu ikakataa. Aliibembeleza, akaikemea, akaipiga makofi mapajani, wapi! Chuma cha kushikia kilishang'oka upande ule siku nyingi, na ukuta hauna masikio ya kushika. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, amewashonea suruali nusu ya wanaume wa mtaa, na sasa yeye mwenyewe alikuwa hana wa kumwinua. Ndipo akabuni kifungo.

Wakiwa katika kutafuta, honi ililia chini mara tatu. Ilikuwa gari la binti yake mkubwa, karani wa ofisi ya bima. Desturi ya binti huyu ni kupiga honi, mama yake akateremka kupokea alicholetewa na kutoa habari za nyumbani. Lakini siku hiyo mama alikuwa sokoni. Honi ikalia tena, ikachoka, kisha visigino vikasikika vinapanda.

"Shikamoo baba. Kuna nini hapa?"

"Marahaba mwanangu. Kifungo."

"Cha kijani," mstaafu akafafanua.

Binti akawasha taa ya simu, akamulika kona zote, kisha akakaa kando ya baba yake ili kutafuta vizuri. Alikaa, mkono kifuani, muda mrefu kuliko kifungo kilivyohitaji. Pumzi zilipomrudia alisema, "Basi baba, kitaonekana kesho. Simama twende juu."

Fundi hakusimama.

"Baba?"

"Tangulieni. Mimi nakuja."

Wakatazamana wale wawili juu ya kichwa chake. Mstaafu wa posta akamshika kwapa la kulia, binti akashika la kushoto, wakamnyanyua kama watu wanaopakia gunia, wakapanda naye kidato kimoja kimoja. Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Njia nzima alikuwa anatazama chini, ili ionekane bado anatafuta.

*

Mkewe alirudi na kapu kichwani na kabichi kwapani, amepanda vidato vyote arobaini na nane bila kituo, tena anaimba. Alimkuta mumewe kochini, miguu juu ya stuli, na binti amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mama, baba alishindwa kusimama. Kule ngazini. Tumembeba."

"Nilikuwa natafuta kifungo," Fundi akasema.

"Cha kijani, nimeshaambiwa huko chini," mkewe akajibu, akitua kapu. "Tangu unioe, nyumba hii haijawahi kuwa na shati la kijani."

Binti akaketi, akaanza kusema taratibu, kama mtu aliyekariri garini. Kwake kuna chumba cha chini, kitupu, karibu na choo. Ngazi hakuna hata moja. Kuna kochi jipya na televisheni. Baba amefanya kazi vya kutosha, sasa wakati wa kupumzika umefika.

"Na cherehani?"

"Cherehani tutaitafutia mtu mwema," akasema, kana kwamba anazungumzia paka.

Fundi aliteremsha miguu kutoka kwenye stuli. Cherehani ile alikuwa nayo miaka arobaini na minne. Iliwasomesha watoto wote watatu, pamoja na huyu anayetaka kuitafutia mtu mwema. Alijua mzee anayehamia chumba cha chini kwa mwanawe anakuwaje: anakuwa mzee wa kuulizwa kama amekula.

"Sijazeeka mimi," akasema. "Nimechoka siku moja tu. Hata nyie mnachoka."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho binti akatoa kwenye mkoba wake saa nyeusi ya mkononi, zile zinazohesabu hatua za mtu. Aliinunua mwenyewe mwanzo wa mwaka, akaivaa wiki moja, akaivua kwa sababu ilikuwa inamgombeza.

"Hatua elfu nne kila siku, mwezi mmoja. Nitaziona hukohuko kwenye simu yangu. Ukizifikisha, sitasema neno tena. Usipozifikisha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na pikapu."

"Elfu nne tu?" Fundi akacheka. "Hizo natembea nikiwa nimelala."

Mkewe alikohoa, akaingia jikoni.

*

Maskini, kosa halikuwa lake peke yake. Miaka miwili nyuma watoto walichangishana wakamnunulia mota ya umeme, ikafungwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, ili baba asichoke. Siku za kwanza aliinunia. Halafu akaizoea, na mazoea yana taabu. Alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba cha mguu, nguo inapita yenyewe. Mkewe naye, kwa mapenzi, alimteremshia chai, akamteremshia chakula, akampelekea nyuzi mezani. Wateja waliinuka wao kumsogelea wapimwe. Kila aliyemheshimu alimwambia, "Kaa, mzee, usisimame." Naye akakaa. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa anasimama mara tano kwa siku, mbili kati ya hizo kwenda haja.

Siku ya kwanza ya saa alipiga hatua mia tisa, akaona nyota. Siku ya pili mia nane. Siku ya tatu mkanda wa saa ulinasa kwenye kitambaa, akaivua, akaifunga kwenye shingo ya cherehani asije akaisahau, akaendelea kushona. Cherehani ya mota, mnajua wenyewe inavyotetemeka. Jioni akaitazama: elfu kumi na moja.

Fundi Pindo alikuwa mtu mwaminifu. Hajawahi kuiba kitambaa cha mteja, hata kile kinachobaki. Lakini siku ile shetani alipita dukani, akakaribishwa kiti.

"Baba!" binti alipiga simu usiku uleule, saa mbili. "Elfu kumi na moja! Ulikwenda wapi?"

"Huku na huku, mwanangu."

"Usijiue lakini."

"Hapana, naanza polepole."

Ikaja wiki ya sare za shule. Kaptura themanini, sketi sitini. Saa ikaandika elfu thelathini na moja. Binti akatangaza kwenye kundi la familia, kaka yake aliye mbali akatuma vidole gumba sita, shangazi mmoja akauliza baba anatumia dawa gani. Mkewe alikuwa anasoma yote hayo kwenye simu yake, halafu anamtazama mumewe akipanda jioni, anasimama kila kona kuhema, akiokota vifungo. Maana majirani walishaanza kumhurumia. Mstaafu wa posta aliacha kifungo cheupe kwenye kona ya pili, na mwingine akaacha cha bluu, na kila wakimpita wanauliza, "Hiki siyo, fundi?" Alikuwa navyo kumi na moja mfukoni, na hakikuwamo hata kimoja cha kijani.

"Unaongea nini na saa yako siku hizi?" mkewe alimuuliza.

"Kwa nini?"

"Naona mnaelewana."

*

Siku ya kumi binti alimpeleka zahanati. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alitaka tu mtu mwenye koti jeupe amwone baba yake na kushangaa.

"Anatembea hatua elfu thelathini kwa siku," alimwambia muuguzi kabla hata ya kuketi.

Muuguzi, mama mnene mwenye kalamu sikioni, akamtazama Fundi kuanzia viatu. "Elfu thelathini? Unapeleka barua nchi jirani, baba yangu?"

"Natembeatembea tu."

"Hongera sana. Hebu kaa kwenye kiti hiki. Kunja mikono kifuani, hivi. Sasa simama, ukae, usimame, mara tano. Usijishike popote."

Fundi akakunja mikono. Akavuta pumzi. Akainama mbele, akajisukuma, matako yakanyanyuka kadiri ya upana wa vidole viwili, yakarudi kitini. Akajaribu tena. Kiti kikalia kwa niaba yake. Mara ya tatu alitaka kushika meza.

"Bila mikono, baba."

"Kiti chenu ni kifupi."

Muuguzi akamletea kirefu. Nacho kikamshinda. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anasubiri zamu yake, na Fundi alimsikia akijizuia kucheka.

"Saa hii umeivalisha nini, baba?" muuguzi akauliza kwa sauti ya chini, ya upole, ambayo ilimuuma kuliko kicheko.

Fundi akatazama mikono yake. "Cherehani," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, nao wahenga hawakuwahi kuona saa ya hatua. Muuguzi hakumgombeza. Alimgusa paja kwa kalamu, akasema moyo mzima, presha si mbaya, macho yanashona bado, ila hapa nyama imelala. "Ukiilaza inalala zaidi. Ukiiamsha inaamka, hata sasa, hata ukiwa na miaka tisini. Lakini lazima uiamshe wewe, cherehani haitakusaidia. Kila siku, kidogo kidogo, mpaka uheme."

Ndani ya gari binti hakuwasha injini. Alikuwa ameshika usukani, machozi yanamtiririka.

"Umenidanganya baba. Nimewatangazia watu wote."

"Nisamehe."

"Unadhani nataka kukufunga chumbani? Siku ile nilipopinda ile kona nikakuona umekaa, umeinamisha kichwa, nilidhani umekufa. Umekufa umekaa peke yako ngazini. Kila simu ikilia sasa natetemeka."

Fundi alitaka kumshika bega, akakumbuka kwamba mkono wake ulikuwa na ile saa, akauficha.

"Jumamosi ya mwisho nakuja na pikapu," binti akasema akijifuta. "Mambo ya hatua yameisha."

*

Kesho yake asubuhi Fundi aliteremka dukani, akakuta mkewe amemtangulia. Alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani na bisibisi mkononi. Mota ilikuwa sakafuni, na mkanda wa zamani wa ngozi umerudi kwenye gurudumu.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Nakurudishia miguu. Kanyaga."

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Nyumbani. Kopo zima, juu ya kabati la jikoni. Ukitaka rangi, unapanda unachukua. Kila rangi, safari yake. Nikikukuta umebeba mbili nazificha zote."

"Wewe mwanamke umeingiwa na nini? Ukitaka kuniua sema!"

Mkewe akasimama, bila kushika popote, akajipangusa magoti. Sasa alikuwa hatanii. "Sikiliza, mume wangu. Mimi ndiye niliyekuharibu. Miaka miwili nakuteremshia mpaka maji ya kunywa, nikidhani ndiyo mapenzi. Kumbe ninazipanda ngazi kwa niaba yako, miguu yako nimeila mimi. Kwa binti yetu tutapendwa, najua. Lakini sitaki kukaa kwenye kochi la mtu nasubiri kuulizwa niwekewe stesheni gani. Una wiki tatu. Leo kuna mteja wa nguo gani?"

Fundi akatazama meza. Lilikuwa gauni la maua, rangi nne.

Siku ile alitukana maua yote duniani. Kwa uzi mwekundu alikaa kona ya kwanza na ya pili. Kwa uzi wa njano alifika juu akalala chali sakafuni jikoni, mkewe akamruka kwenda kuchukua chumvi. Alijaribu kununua uzi kwa muuza vifaa wa ng'ambo ya barabara, akakuta mwenye duka ameshaonywa. "Shemeji amesema nikikuuzia hata nusu mita atakuja kukaa hapa dukani," yule bwana akasema, akiomba radhi. Mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka cha kabatini ghorofa ya tatu hupanda.

Miguu ikauma kwa kanyagio mpaka akalala ameifunga kanga za moto. Akawa anawapenda wateja wa nguo nyeusi tupu. Mwalimu mmoja alipoleta suruali ya kijivu akamshukuru kana kwamba amelipa mara mbili. Juma la pili alipanda akikaa kona moja tu. Kila alipoketi kushona mkewe alimwambia, "Simama bila mikono," naye alisimama, akanguruma, akaketi, akasimama. Wateja wakadhani ni heshima mpya, wakawa nao wanasimama.

"Fundi, umeacha kutafuta kifungo?" mstaafu wa posta alimuuliza siku moja walipopishana ngazini.

"Nakitafuta kwa kutembea siku hizi."

"Basi shika hiki, nimekikuta kwenye koti langu la kazi. Angalia, cha kijani!"

Fundi alikipokea akakitazama. Kilikuwa cha wastani, kama alivyosema.

*

Jumamosi ya mwisho honi ililia saa nne asubuhi. Pikapu ilisimama mlangoni pa jengo, dereva akateremka na kamba. Binti akateremka upande wa pili, akachungulia dukani. Cherehani ilikuwepo, kiti kitupu, suruali nusu imeshonwa.

"Mama!" akaita akiangalia dirisha la juu. "Baba yuko wapi?"

"Yuko huku, kafuata uzi!"

"Kafuata nini?"

"Njoo umwone!"

Akapiga honi tena kwa mazoea, lakini mama hakuteremka. Alikuwa ameegemea dirisha, kidevu mkononi, kama mtu aliyelipia kiti sinema. Binti akashika mkoba, akaanza kupanda.

Fundi alikuwa jikoni na uzi wa bluu mkononi aliposikia visigino. Vilianza kwa kasi. Baada ya kona ya kwanza vikapunguza. Baadaye vikawa vinasikika kimoja, halafu kimya, halafu kimoja. Kisha havikusikika kabisa. Akashuka, hakumbuki hata alishukaje, akapita kwa mstaafu wa posta, akapinda.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kidato cha ishirini na nne, kiatu kimoja kimevuliwa, mkono kifuani, uso umelowa jasho. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ofisini anakaa, garini anakaa, nyumbani anakaa kwenye lile kochi jipya. Alinyanyua macho akamwona baba yake amesimama juu yake, hahemi, hajashika ukuta, ana uzi mkononi. Akamtazama miguu, akamtazama uso, midomo ikaanza kumcheza.

"Kuna nini, mwanangu?" Fundi akauliza, hofu ikiwa bado haijamtoka.

Binti akainamisha kichwa.

"Natafuta kifungo," akasema.

Fundi alikunja mikono kifuani, akaketi kando yake polepole bila kujishika popote, akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kile cha kijani, akamwekea kiganjani.

"Si ndicho hiki?"

Binti alikitazama kile kifungo, akaangua kicheko, na katikati ya kicheko akalia, akamwegemea baba yake bega kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, chini ya meza ya cherehani. Walikaa hivyo hadi dereva wa pikapu alipoita kutoka chini kuuliza mzigo uko wapi.

"Mwambie hakuna mzigo," binti akasema. "Mwambie aende tu, nitamlipa safari yake."

Fundi akapaza sauti, dereva akaondoka akinung'unika. Kisha Fundi akaivua ile saa nyeusi mkononi mwake, akamfunga binti yake, akaukaza mkanda tundu moja zaidi, kama anavyokaza kiuno cha suruali.

Akasimama kwanza yeye, mikono kifuani, akamnyooshea mkono wake.

"Haya, inuka. Mama yako ameweka chai, na vimebaki vidato ishirini na vinne. Tukichoka tutakitupa tena, tukitafute."